Mwanamke wa Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Kikao cha baraza leo. Nimenyoosha mkono mpaka bega likafa ganzi – hakuna aliyeniona! Madiwani wanaume wote sita wamesema, wengine mara mbili. Mwenyekiti – mimi namwita Kipaza, maana akishika kipaza sauti haachii – kasema sisi wa viti vya wanawake ni maua ya baraza. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka nini, jamani?

Jumatano, 6 Machi
Mkunga wa zahanati kaja kwenye cherehani yangu kupimwa sare. Mama mwingine kajifungulia kwenye korido, sakafuni, watu wanamruka. Na kiwanja cha wodi ya wazazi kipo hapo hapo nyuma, kimeota majani tu. Nikamwambia ukweli: Jumatatu baraza linapiga kura kumpa kiwanja hicho mwenye kituo cha mafuta. Akaushusha mkono niliokuwa naupima. Akauliza, si wewe umo humo ndani? Nimo. Nimo kufanya nini, sijui. Nimekosea kushona hadi jioni.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya wanawake. Tumegawiwa fulana, zote saizi ya mtoto. Kipaza kahutubia weee, akajisifu kwamba sheria hairuhusu kikao bila theluthi ya wanawake. Tuko tisa, wanawake watatu, akidi imetimia, makofi! Mimi nikaganda. Na tukiwa wawili je? Kati ya wenzangu, mmoja ni shemeji yake Kipaza, hawezi kumwangusha. Wa pili husinzia tangu sala ya kufungua. Nabaki mimi. Siendi Jumatatu. Kumbe kazi yangu yote humo ni kuwepo – basi sitakuwepo.

Jumapili, 10 Machi
Nimemwambia mume wangu. Kang'aka! Yeye ni dereva wa baraza, anasema nataka alale njaa na wanawe. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Baadaye kanivuta jikoni: sema unaumwa tumbo, mwanangu, wanaume huogopa kuuliza tumbo la mwanamke. Nikacheka hadi machozi. Kisha yakabaki machozi tu. Wataahirisha wiki moja, mbili, halafu? Watatafuta ua jingine.

Jumatatu, 11 Machi
Sikwenda. Nilituma ujumbe naumwa tumbo, nikapanda kitandani. Haikupita saa, gari la baraza likasimama nje. Nikajua ni mume wangu kaja kunikaripia. Mungu wangu – kawaleta wote! Nimechungulia: Kipaza, wanaume wake, shemeji, yule wa kusinzia, karani na faili lake. Wamekaa sebuleni kwangu, juu ya vitambaa vya wateja. Kipaza anasema sheria haijataja kikao kifanyike wapi. Mama mkwe kawaambia mgonjwa hataki wageni. Wakamshukuru, wakaomba maji.

Nimejifungia kwa ufunguo. Naandika kila ninachokisikia.

Karani, Mungu ambariki, kagoma. Anasema hawezi kuandika nipo bila kuniona au kunisikia. Sauti tu inatosha, kasema. Basi nimeziba mdomo kwa kanga. Hata kukohoa sikohoi.

Mume wangu yuko mlangoni, ananong'ona. Itikia tu, mama watoto. Neno moja, tuishi salama. Analia, nadhani. Sijawahi kumsikia akilia.

Sasa ni Kipaza. Kasogea mlangoni kabisa, sauti laini, sijawahi kumsikia hivyo. Pole mheshimiwa. Ati anataka kusikia maoni yangu kuhusu kiwanja. Niseme lolote, hata kupinga, baraza zima linanisikiliza.

Baraza zima! Tangu niapishwe hakuna aliyeniuliza kitu. Na yote ninayo, yamejaa kooni – korido, yule mama, sakafu. Nikifungua mdomo tu, nimehesabiwa, na kiwanja kimekwenda.

Anauliza tena. Kule sebuleni wote kimya, wananingoja mimi. Mume wangu kashika kitasa, anakitikisa –