Sufuria ya Mama Mukwe

Siku ya tatu ya juma, kisha kula

Kama ni muntu mwengine njo alileta ile sufuria, ningekatala. Lakini ni mama mukwe mwenyewe alitoka nayo Kipushi. Sufuria kubwa ya aliminiyo, imepasuka chini, na siku ya posho, mwisho wa juma, banapikia ndani bukari, ugali wa ndoa ya binti yake wa mwisho.

Nilimupa kiti, nikawasha TIG, mashine yangu ya kuunga vyuma. Moto ulitoka, lakini mushono ulikuwa mweusi, matundu-matundu kama mukate. Nikasema ni karte, kile kibao cha umeme cha ndani, iliungua. Nikafungua mashine, nikapuliza vumbi, nikagusa-gusa nyaya, nikafunga. Matundu tena! Nikafungua tena. Mama ananiangalia tu. Nikawaza: leo atajua binti yake aliolewa na muntu wa bure.

"Mukwe," akasema pole-pole, "ile gazi yako, mbona haisikike?"

Nikatega sikio ku torshi, pale gazi inatokea. Kweli, kimya. Chupa ya argoni, gazi ya kulinda mushono, imejaa, lakini haifike. Nikatosha tiyo, mupira wa kupitisha gazi: ndani nyigu alijenga nyumba ya udongo, na batoto bake ndani!

Niliisafisha, na sufuria ikaungana muzuri kabisa.

Palepale mama akapigia dada yake simu: "Mukwe wangu ni fundi! Aliona shida mara moja."

Mara moja? Nikafungua kinywa niseme ukweli.

Miezi mine ya ndoa nilikuwa namuogopa ule mama. Leo, simu ingali ku sikio, alinikonyeza jicho.