Wito Uliopotea

Kwa ndugu yangu Kibii,

Natumai baridi ya huko Kanada imepungua. Huku Kuresoi tumechimba viazi, na ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike.

Siku ile uliniuliza kwa simu kwa nini ambulensi haikuja kumchukua Mama; sasa nakueleza. Programu ya zahanati, tuliyoitengeneza ofisini kwetu Nakuru, huita programu ya ambulensi kwa jina tu, na hiyo imeandikwa kwa lugha nyingine ya kompyuta. Mwenzangu Najwa alibadilisha jina hilo upande mmoja tu. Kompaila, programu inayokagua tunachoandika, hukagua lugha moja moja, kwa hiyo haikuona kosa. Nesi wa zahanati akabonyeza kitufe cha kuita ambulensi, wito ukapotea, Mama akangoja.

Najwa alikuja kwenye mazishi ya Mama. "Jepkemei, nitakuambia nini mimi?" Nikamshika mkono.

Tumetengeneza pamoja njia ya kompaila kukagua majina ya pande zote mbili. Jana Najwa alibadilisha jina upande mmoja makusudi, na kompaila ikakataa. Wenzetu wakapiga makofi. Sisi wawili tulitoka nje tukalia, kwa sababu kuitengeneza njia hiyo haikuwa kazi kubwa hata kidogo.

Ukiweza, nipigie Jumapili.

Dadako,
Jepkemei