Usukani wa Gekara

Kericho, 9 Juni 1957

Bosibori binti yangu,

Sisi wazima, na mahindi yamechanua. Umeuliza kama urudi kuishi katika nyumba ya hapa Kericho mliyoishi na marehemu Gekara.

Lile gari la Kimarekani la meneja, alilokuwa akiendesha mumeo, nimelibadilishia pampu ya usukani. Pampu husukuma mafuta ili usukani uwe mwepesi, haichagui njia. Lakini nilipolijaribu, usukani uligeuka wenyewe ukanifikisha mlangoni penu.

"Mzee, umekunywa busaa?" alicheka fundi mwenzangu, Muturi. Akaendesha yeye. Tukafika pale pale, na honi ikalia yenyewe, kama Gekara alivyokuwa akikuita umfungulie.

Mlango niliufunga mimi kwa ufunguo ulipoondoka. Tulipotazama, ulikuwa ukifunguliwa kutoka ndani.

Baki Kisii kwa mama yako.

Baba yako,
Nyang'au