Barua kwa Baba Nekesa, Aliyenifundisha Kuweka Vipimo

Baba Nekesa wangu,

Leo mvua imenizuia kwenda kanisani. Mtoto wetu Nekesa amelala, chai iko mezani, na nimejikuta nikizungumza na wewe kama kawaida yangu. Basi nimeona afadhali niandike, maana kuna mambo mengi tangu tukuzike.

Nakumbuka siku walipokuleta kutoka karakana mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Mkanda wa mashine ya kukereza chuma ulikuwa umekuondolea kidole gumba na kile kinachokifuata, mkono wa kulia. Hukulia. Uliniuliza tu kama kuna uji. Lakini wiki zilizofuata ulikaa mlangoni ukitazama treni zikiondoka Nakuru kuelekea magharibi, na nilijua unachowaza. Ulikuwa unawaza kurudi Bungoma kulima, wewe uliyependa chuma tangu utoto.

Bwana Jagat, mwenye karakana, hakukuacha. Alikuja nyumbani mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akasema mchoraji wake amehamia Nairobi na ramani za kutengenezea vyuma hazina mtu wa kuzichora. Wewe ulikuwa umezisoma ramani za watu wengine miaka mingi, ukijua zipi zinamsaidia fundi na zipi zinamtesa. Ukamwonyesha mkono. Mimi nilikuwa pembeni nikidarizi kitambaa cha meza. Ukanitazama vidole, kisha ukanitazama usoni.

"Mama Nekesa ataishika penseli," ulimwambia. "Mimi nitasema, yeye atachora."

Hukuwa umeniuliza, na jioni ile nilikununia kidogo. Bwana Jagat alisema atatujaribu kwa kazi moja.

Kabla ya kazi hiyo ulinipa zoezi, nichore ubao wa kutundikia nguo. Nilijitahidi kweli. Nilipaka hata vivuli, na namba nikaziandika juu ya mchoro wenyewe, popote palipokuwa na nafasi. Ulicheka, mara ya kwanza tangu uumie. Ukanieleza kwamba picha inamwonyesha mtu kitu kilivyo, lakini ramani inamwambia fundi namna ya kukitengeneza. Ukanifanya nifute na kuanza upya. Umbo la kitu liwe na mistari mizito. Kipimo kikae nje ya umbo: mistari miwili myembamba itoke kwenye kingo, isiguse umbo lenyewe, na kati yake upite mstari mwingine wenye mshale kila mwisho na namba katikati. Nilichora matundu sita ya vigingi vya mbao kwenye mstari mmoja. Tundu la kwanza nilipima kutoka ukingoni, la pili kutoka la kwanza, la tatu kutoka la pili, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Uliona kosa, ukaikunja karatasi hivyo hivyo. Ulimpelekea jirani yetu Odhiambo, seremala, akaufanya kama nilivyoandika. Ubao ulirudi tundu la mwisho likiwa limesogea mpaka pembeni, na mbao imepasuka hapo. Nilimlaumu Odhiambo. Ukasema Odhiambo hana kosa, kila mkono unaongeza kosa dogo la unywele mmoja, na kwa namna nilivyopima, nywele zote zilirundikana kwenye tundu la mwisho.

"Chagua ukingo mmoja," uliniambia. "Vipimo vyote vianzie hapo. Kila tundu libebe unywele wake peke yake."

Ndipo Bwana Jagat akatupa ile kazi ya kutujaribu, kijijini Keringet. Kule pampu ya kuvuta maji kutoka mtoni ilikuwa imepasuka bamba lake la mbele. Bamba jipya lingekatwa na kutobolewa Nakuru, halafu lifungwe kwa bolti kwenye pampu iliyobaki kule. Matundu yakikataa kuoana, hapakuwa na mashine ya kuyarekebisha, na mvua kubwa zilikuwa karibu kuifunga barabara. Tulipanda na lori la magunia ya viazi. Tulipofika tuliwakuta akina mama wakipanda kilima kutoka mtoni na maji mgongoni. Mmoja, Chebet, alikuwa mjamzito. Alinishikia ncha ya tepu ya kupimia bila kuombwa, akaniambia shemeji yake alianguka pale na debe, akapoteza mimba. Hakulalamika. Alisema tu kwamba yeye amebakiza miezi michache.

Sijawahi kupima kwa makini kama siku ile. Ulinionyesha upande mmoja wa pampu uliosawazishwa na mashine, tukaufanya huo ndio mwanzo wa kila kipimo. Matundu tuliyapima mpaka katikati yake, maana midomo ilikuwa imeliwa na kutu, na upana wa kila tundu tukauandika peke yake. Niliporudi mezani niliandika urefu wote, kisha nikaandika tena vipande vyake vyote. Ukaniambia nifute vinavyojirudia, kwa sababu kipimo kikiandikwa mara mbili, siku moja kimoja kitabadilishwa na kingine kisahaulike, na fundi hatajua afuate kipi. Karatasi ilikuwa ndogo, nikachora nusu ya ukubwa, na chini nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mtu asipime karatasi kwa rula, afuate namba.

Bwana Jagat aliikagua akiwa amesimama. Aliuliza umbali kati ya tundu hili na lile uko wapi. Wewe ulijua jibu, lakini ulinitazama mimi. Nikamjibu kwamba vipimo vyote vinaanzia upande wa kushoto, ule uliosawazishwa. Akafuatisha kwa kidole, tundu moja moja, kisha akaipeleka kwa mafundi.

Siku ya kufunga bamba mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye miti ya msitu wa Mau. Uliingiza bolti kwa mkono wa kushoto. Ya kwanza ikaingia, zilizofuata zikaingia, ya mwisho ikakwama. Uliitoa taratibu, ukafuta kutu ndani ya tundu kwa kitambaa, ukairudisha. Ikaingia. Bomba lilikohoa, likatema matope, halafu maji yakaja juu ya kilima, na Chebet akasukuma debe lake mbele ya wengine wote. Baadaye alijifungua salama, akatutumia kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kwa mkono wa dereva. Ulikinywa karibu chote peke yako.

Tulipata kazi. Miaka ile mezani ndiyo iliyonifanya nikujue. Mwanzoni wewe ulisema na mimi nikachora, baadaye tulibishana kama mafundi wawili. Kifua kilipokulaza hospitalini, ulinikataza kulia mbele ya Nekesa, kisha ukanivuta karibu.

"Usirudi Bungoma kwa sababu yangu," ulisema. "Ukirudi, uwe umetaka mwenyewe."

Kaka zako walikuja baada ya matanga. Walisema mjane hakai mjini peke yake. Sikugombana nao. Nilimwomba kaka mkubwa aje karakana aone ninachofanya. Alikaa kwenye kiti chako asubuhi nzima. Mafundi walikuja mmoja mmoja kuniuliza, nami nikawajibu. Jioni aliniambia atamweleza mama yenu kwamba siko peke yangu, mimi na wewe tuko wawili, mmoja amelala na mwingine yuko kazini. Mama ametuma salamu, na kuku.

Bado nakukosa, hasa ninapopatia kitu kigumu nikageuka kukuambia. Lakini siogopi tena kama nilivyoogopa mwaka jana. Nekesa ameanza shule, anapenda hesabu, na ana ubishi wako.

Wakulima wa Mau Narok wanataka mashine ya kuchambua viazi, na Bwana Jagat amenipa mimi kazi hiyo tangu mwanzo. Lori linapanda kesho asubuhi. Dereva aliniuliza nasindikizana na nani, kama naenda kumtembelea ndugu.

Nikamwambia naenda kupima.

Pumzika, baba wa mtoto wangu. Huku sisi tuko kazini.

Mkeo,
Mama Nekesa