Uji wa Baba na Vidonge Kwenye Kopo la Skrubu

Nyumbani, juu ya duka la saa,
Jumanne, 12 Machi

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu, na pole na baridi ya huko. Wifi hajambo? Na mgongo wako, umepata nafuu? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imenichafuka, na aliyeichafua ni wewe. Nimekupigia mara tisa hupokei, kwa hiyo barua hii nimempa jirani anayesafiri kesho.

Vipimo vya Baba vya wiki iliyopita vilikuwa vibaya kuliko siku ile alipoanguka. Nikajilaumu mimi mpishi, nikaondoa mafuta jikoni, tukala vya kuchemsha tu. Jana nikawa natafuta skrubu ya miwani yangu kwenye meza yake ya kazi. Nikafungua kopo, nikakuta vidonge vyake vya kolesteroli, vya miezi miwili, vyote. Hakuona hata aibu. Alisema wewe umemweleza kwamba uji wa shayiri unatosha.

Kumbe ulimfundisha. Ini hutengeneza nyongo kwa kolesteroli, nyongo hushuka tumboni kusaidia kusaga mafuta, kisha nyingi hurudi kwenye ini itumike tena. Mtu akila shayiri au maharage, nyuzinyuzi zinazoyeyuka hugeuka ute mzito, huinasa nyongo na kutoka nayo chooni. Ini likipungukiwa, huchota kolesteroli kwenye damu litengeneze nyingine. Sikatai. Hata muuguzi wa kliniki alisema hivyo hivyo.

Lakini ulisahau unaongea na fundi saa? Baba ukimwonyesha gurudumu linavyosukuma jingine, basi, umemmaliza. Amechora ini kwenye kifuniko cha boksi, lina mishale, na kila mteja anapewa somo.

Muuguzi anasema uji hupunguza kidogo tu. Kwa mtu ambaye mshipa wake wa moyo umeshaziba mara moja, uji husaidia kidonge, hauchukui nafasi yake. Wewe uji ulikutosha kushusha kolesteroli yako kwa sababu moyo wako haujawahi kukusumbua. Umejipima wewe, ukamshonea yeye.

Na kinachoniuma zaidi, mimi ndiye niliyemshusha ngazi mgongoni siku ile. Leo nikisema anatikisa kichwa, anasubiri mwanawe mkubwa aseme. Nina hasira nawe, Kaka.

Msalimie Wifi na watoto. Shangazi anakusalimu, naye bado hajui; akijua, utaipata. Mungu awafunike nyote.

Uji nitaendelea kumpikia. Wewe ukifika mstari huu, piga simu. Nitamkalisha, glasi ya maji na kidonge mbele yake. Usianze tena habari za ini. Mwambie, "Baba, nilikosea. Meza." Kisha usikate mpaka nikuambie amemeza.

Mdogo wako akupendaye, hata leo