Magurudumu Yaliyozidi Kwenye Jiwe la Baba Mlotshwa

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu Jumanne ile ulipoomba chai ukatuacha kabla haijapoa. Watu walituambia mwaka ukiisha tutapata nafuu. Hatujaiona. Tumechoka tu, na Mama amechoka kutushinda sote; anaanza kufagia uani, anasahau ufagio mkononi.

Ulikuwa mwema, kwa namna yako ya kelele. Miaka thelathini na minne uliendesha zile injini ndefu za mvuke kati ya Bulawayo na Dete, na hukuondoka kabla ya kuizunguka injini na nyundo, ukigonga gurudumu moja moja na kusikiliza mlio wake. Ulirudi nyumbani Sizinda unanuka makaa na mafuta, na jirani asiye na kitu hakupita mlangoni kwako na njaa.

Isitshwala, ugali wetu, ikipoa mezani, wewe unatusomesha. "Nne, sita, nne! Tena nne, sita, nne! Magurudumu manne madogo ya kuongoza, sita makubwa ya kuvuta, manne madogo ya kufuata. Halafu seti ya pili vilevile, maana hizi ni injini mbili chini ya tangi moja la mvuke. NakaBukhosi, unanisikia?"

"Nakusikia, Baba kaBukhosi," Mama alijibu, macho ameyafumba.

Kwa desturi yetu mwaka ukitimia roho ya mwenye nyumba hurudishwa nyumbani iwalinde watu wake, nasi tulitaka siku hiyohiyo tufunue jiwe la kaburi lako. Mama hakutaka msaada wa mtu. Alikwenda peke yake kwa mchonga mawe, akamwagiza achore injini yako kama inavyoonekana ubavuni. "Nne, sita, nne, tena nne, sita, nne," alimwambia. "Usipunguze hata moja. Mwenyewe alikuwa mkali."

Mchongaji hakupunguza.

Ijumaa, siku moja kabla ya kufunua, tulimchukua mzee Hadebe, mtia makaa wako, akalitazame jiwe kule makaburini Luveve. Aliinama akahesabu kwa kidole. Akarudia. "NakaBukhosi," akasema, "hii ni treni au jongoo?"

Ndipo tulipojua. Ile hesabu yako ni ya pande zote mbili, kulia na kushoto. Ukisimama ubavuni unaona nusu tu, kumi na manne. Mama alikuwa amechongesha yote ishirini na manane upande mmoja, yamebanana kama mbegu za tikiti. Na kesho yake madereva wastaafu wote wangekuwepo, watu wasiosamehe kosa la gurudumu.

Tukasema jiwe lifunikwe, shughuli iahirishwe, lichongwe jingine. Mama aliketi chini. Kisha akasema, "Miaka arobaini na mmoja alikuwa akinieleza. Mimi namwitikia tu ndiyo, ndiyo. Sikusikia kitu. Nilidhani kesho ataeleza tena."

"Usijitese, mama," Hadebe alimwambia. "Hata sisi akianza tulikuwa tunamkimbia."

"Nipeleke iliko injini yake, Hadebe."

Tukampeleka jumba la makumbusho ya reli, ambako injini ya aina yako imesimama, baridi. Magoti yalimsumbua, lakini hakukubali kushikwa. Alipita upande mmoja akigusa kila gurudumu kwa kiganja, kumi na manne, akapumzika, akazunguka upande wa pili, kumi na manne. Uso ulimng'aa. Akageuka haraka, "Baba kaBukhosi, kumbe ni..." Nyuma yake alikuwepo Hadebe, kofia mkononi. Baba, siku ile tulipokuzika Mama hakulia. Alilia pale.

Jumamosi alilifunua jiwe mwenyewe, kama lilivyo, akawaambia wazee kosa ni lake na lisiguswe na mtu. Hakuna aliyecheka. Basi kama limekuudhi, Baba, mjie Mama ndotoni umgombeze. Anakungoja.

Unakumbukwa na mkeo NakaBukhosi, wanao Bukhosi, Sibusisiwe na Mthabisi, wajukuu zako, ukoo wote wa Mlotshwa, na rafiki yako Hadebe. Hatutakusahau, si leo, si milele.