Keki ya Malkia Mchana wa Ramadhani

Jumanne, Ramadhani 1953

Eti keki! Malkia anavikwa taji leo huko kwao, basi skuli nzima tumepangwa juani kupeperusha vibendera. Kisha Bwana Mkaguzi, Mzungu aliyeshuka melini juzi tu, akaamuru watoto wagaiwe keki. Saa nne asubuhi, watu wamefunga!

Kila mtoto kaishika yake kama kashikishwa panya.

"Mwalimu, mbona hawali?" akaniuliza Mkaguzi.

Hasira yake nshaiona jana, na kazi nnaitaka. Nikamjibu, "Furaha imewajaa, Bwana." Akatabasamu, akayaandika maneno yangu kwenye daftari lake.

Watoto wote wamefuturu magharibi, saumu zao kamili. Aliyefungua mchana ni mwalimu wao peke yake, na kafungulia uongo.